Skrubu ya mashine yangu ya alizeti inalika kila msimu: nikienda Chuo Kikuu Mlimani watanisaidia au napoteza nauli?

"Habari injinia. Nina karakana ndogo hapa Singida, natengeneza na kukarabati mashine za kukamua alizeti. Shida yangu kubwa ni skrubu kulika, msimu mmoja tu imekwisha, najazia na weldi inalika tena. Halafu wateja wanalalamika mashudu yanatoka na mafuta mengi. Kuna jamaa kanishauri niende kwa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, ila mafundi wenzangu wananicheka, wanasema wale ni watu wa makaratasi, wapo toka miaka ya 70 na hakuna mashine yao hata moja sokoni. Tena wananitisha kwamba nikiwaonyesha kazi yangu watachukua wazo. Naomba ukweli, niende nisiende? Na la pili, binti yangu kamaliza fom siksi, PCM (fizikia, kemia na hisabati), kafaulu vizuri, anang'ang'ania kusoma uhandisi mitambo hapohapo Mlimani. Nimruhusu, au aende chuo cha ufundi VETA akajue kazi kabisa, maana hii karakana mwisho itakuwa yake?"

Ndugu yangu fundi, nakupa jibu fupi kwanza usije ukachoka njiani. Nenda, lakini usiende mikono mitupu na usiende ukitegemea kurudi na mashine mpya juu ya lori. Na binti mruhusu. Sasa nieleze kwa nini, na nitaanza na skrubu maana ndiyo inayokula hela yako leo.

Umeniandikia matatizo mawili, skrubu kulika na mashudu kubaki na mafuta, lakini kwa nilivyokuelewa ni tatizo moja. Unajua mwenyewe skrubu inavyofanya kazi: inasukuma mbegu mbele ndani ya keji, yaani lile bomba lenye vijinafasi linaloizunguka, nafasi inazidi kuwa finyu, shinikizo linapanda, mafuta yanatoka kwenye vile vijinafasi vya keji na mashudu yanasukumwa nje kwenye koni inayobana mlango wa kutokea. Shinikizo hilo linakaa kwa sababu pengo kati ya ncha ya jino na ukuta wa keji ni dogo sana. Jino likilika milimita mbili tatu tu, uji wa mbegu unapata njia ya kurudi nyuma, kama pampu ya baiskeli ambayo washa yake imekauka, unasukuma kwa nguvu zote na upepo unakurudia mkononi. Hapo opereta anakaza koni akidhani ndio dawa, mota inalemewa, joto linapanda, na skrubu inalika haraka kuliko mwanzo. Kwa hiyo mteja anayelalamika mashudu yana mafuta anakwambia skrubu imekwisha, kwa lugha yake.

Kwa nini inalika? Chukua hiyo skrubu ya zamani itoe nje juani uiangalie upande wa kutokea mashudu. Ukikuta meno yanang'aa, kingo zimeviringika, na kuna mikwaruzo membamba inayofuata mzunguko, huo ni mchanga. Alizeti yetu inapigwa chini, ukibahatika kwenye turubai, na mchanga wa Singida ni silika, ni mgumu kuliko chuma laini unachokereza. Lakini ukikuta jino limemeguka vipande, au kuna nyufa pembeni ya ulipojazia weldi, hilo ni jambo jingine, chuma chako kimekuwa kigumu mno bila ustahimilivu, kawaida kwa sababu kilichomelewa kikiwa baridi. Haya mawili dawa zake ni tofauti, na nimeona mafundi wazuri kabisa wakitibu moja kwa dawa ya lingine.

Kujazia kwa elektrodi za kawaida, zile zile za kuungia mageti, kunarudisha umbo tu, ugumu haurudi. Unaweka chuma laini juu ya chuma laini, msimu ujao uko palepale. Zipo elektrodi za kuweka tabaka gumu, zina kromiamu nyingi, bei yake inauma lakini zinadumu. Na kama unakereza skrubu kutoka springi za lori au shafti ya ekseli, kumbuka chuma cha springi kina kaboni nyingi, kama asilimia 0.6, kwa hiyo kinaweza kufanywa kigumu vizuri sana lakini ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza kinapasuka, saa nyingine kinapasuka usiku baada ya wewe kuondoka.

Njia nyingine ni kukereza kwa chuma laini halafu kukilisha kaboni juu, yaani unaifungia skrubu kwenye boksi la chuma lililojaa mkaa uliosagwa, unaziba kwa udongo, unaipasha kwenye nyuzi 900 na kitu kwa masaa kadhaa, kisha unaizamisha na baadaye unaipasha tena kidogo isiwe nyepesi kuvunjika. Ukipatia, unakuwa na ngozi ngumu kama milimita moja na moyo mlaini usiovunjika. Ukikosea nyuzi au muda unaharibu kazi ya wiki nzima. Kupima kwa kuangalia rangi ya moto mchana kweupe kunadanganya hata macho ya mzee wa miaka 30 kazini. Kunahitaji tanuri lenye kipimajoto, na baadaye kifaa cha kupima ugumu, na watu wanaojua kusoma matokeo yake. Hapo ndipo Mlimani wanapoingia.

Ila kabla ya nauli, pima vitu vinavyopimika hapo hapo kwako. Pima mbegu zilizoingia, mafuta yaliyotoka, mashudu yaliyotoka, kwa mizani, kwa kilo, usitumie ndoo wala debe. Tuchukulie alizeti yako ina mafuta asilimia 40. Kwenye kilo 100 kuna kilo 40 za mafuta. Kama umepata kilo 28, zile 12 zimebaki kwenye mashudu, na mashudu yakiwa kilo 70 (mbili zimepotea kama mvuke) basi yana mafuta asilimia 17. Ukiweza kuyashusha mpaka asilimia 8 unapata karibu kilo 7 za ziada kwa kila kilo 100 za mbegu, hiyo ni zaidi ya lita 7. Zidisha kwa magunia ya msimu mzima utaona kwa nini mteja analia, na utaona pia una sababu ya kununua elektrodi ghali. Weka chekecheo la kutoa mchanga na sumaku ya kunasa misumari kabla mbegu haijaingia, hiyo haihitaji profesa na inaweza kukuongezea maisha ya skrubu kuliko kitu kingine chochote. Angalia na unyevu, mbegu ikiwa na unyevu wa asilimia 6 au 7 hivi na imepashwa joto kidogo inakamuka vizuri, ikiwa mbichi inateleza tu kwenye skrubu, ikikauka mno inasagika kuwa unga na kuziba keji.

Sasa twende kwa hao "watu wa makaratasi".

Wenzako hawajasema uongo mtupu, lakini hawajui kile kitivo kiliwekwa pale kwa kazi gani. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki nchi tatu ziligawana, udaktari Makerere, sheria Dar, uhandisi Nairobi. Chuo kile kilipogawanyika mwaka 1970 na Dar ikawa chuo kikuu chenyewe, Tanzania ikajikuta haina pa kusomeshea injinia wake. Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa Mlimani mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, na mwaka huohuo ndio SIDO, shirika la viwanda vidogo, ikaundwa. Angalia hizo mbili pamoja. Nchi ilikuwa inajiandaa kujenga viwanda vyake vya msingi, ikataka kwa upande mmoja watu wa kukokotoa na kusanifu, kwa upande mwingine shirika la kuwashika mkono mafundi wadogo kama wewe. Baadaye zikaja taasisi za utafiti na usanifu: TIRDO ya viwanda mwaka 1979, TEMDO ya mitambo na CAMARTEC ya zana za kilimo kule Arusha mwanzoni mwa miaka ya 80, na pale Mlimani penyewe taasisi iliyoitwa IPI, iliyopewa kazi moja, kubuni mashine za viwanda vidogo. Na IPI walizibuni kweli, zikiwemo za kukamua mafuta. Mwaka 2001 IPI na kitivo vikaunganishwa, ndio chanzo cha hii ndaki ya uhandisi na teknolojia tunayoita CoET.

Basi mashine ziko wapi? Chuo hakina kiwanda cha kuzalisha mashine 500 kwa mwaka na hakikuwahi kukusudiwa kuwa nacho. Kinatengeneza mashine ya mfano, kinaijaribu, kinakabidhi michoro kwa karakana. Karakana A inatengeneza kwa kufuata michoro. Karakana B inanunua moja ya A na kunakili kwa kupima na futi kamba, chuma ilichotumia haijui. C inanakili ya B. Baada ya miaka kumi mashine iko sokoni kila kona haina jina la mtu, vipimo vimehama, chuma kimebadilika, na hakuna anayejua ilianzia wapi. Inawezekana kabisa baadhi ya unazozikarabati wewe zina damu ya Mlimani au ya Arusha na huwezi kujua. Halafu kuanzia 1986 biashara ikafunguliwa, mashine za India na China zikaingia kwa bei ambayo karakana zetu hazikuiweza kwa sababu chuma chenyewe tunaagiza na viwanda vyetu vya kuyeyusha na kusubu ni vichache. Viwanda vingi vya umma ambavyo vingezalisha michoro ile kwa wingi vilibinafsishwa au vikafa. Injinia anayebuni katika nchi isiyo na mtu wa kuzalisha anabaki na mfano mmoja kwenye kona ya karakana ya chuo, na hiyo inaniumiza mpaka leo.

Na wao wenyewe wana lawama zao, nitakwambia wazi. Mhadhiri anapandishwa cheo zaidi kwa makala alizochapisha kuliko kwa mashine inayofanya kazi Singida, kwa hiyo tatizo lako linashindana na karatasi yake, na wewe hujui hata kwamba kuna mashindano. Miradi mingi imeishi kwa hela ya wafadhili, hela ikiisha anayejua mradi anahamia mwingine, na mafundi waliokuwa wanatembelewa kila mwezi hawapigiwi hata simu. Hili linatakiwa lisemwe na lirekebishwe.

Lakini usiwapime kwa mashine tu. Miaka ya 2000 CoET waliendesha programu ya makongano kwa msaada wa Sweden, yaani kuwakusanya wazalishaji wa aina moja, watafiti na serikali mezani pamoja. Mafundi chuma wa Morogoro walikuwemo. Kongano la mwani Zanzibar lilianza 2006 kwa njia hiyo, na wakulima wa mwani, wengi wao kina mama, ambao walikuwa wanauza mwani mkavu kwa kilo tu, wakaingia kwenye sabuni na unga wa mwani. Hapo hakuna mashine kubwa ya kupigia picha, kuna maarifa yaliyohama kutoka chuoni kwenda kwa mzalishaji. Na ukienda kwenye barabara, TANESCO, mamlaka za maji, viwanda vya saruji na bia, utakutana na waliopita pale. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 makandarasi wakuu walitoka Misri na reli ya SGR ya Dar mpaka Dodoma ilijengwa na Waturuki, sawa, lakini wa kuitunza mitambo hiyo na kuisimamia kwa miaka 50 ijayo ni vijana wa vyuo kama Mlimani, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), MUST ya Mbeya na Arusha Tech. Hilo nalo ni viwanda.

Kwa hiyo unapoenda, nenda kuchukua walichonacho, nacho ni kupima na kukokotoa. Usiseme "mashine yangu mbovu nisaidieni", swali hilo halina mwenyewe pale. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Rasi wa Ndaki, nakala idara ya mitambo na BICO, ambayo ndiyo ofisi yao ya kushughulika na viwanda. Kuna pia TDTC, kituo chao cha kuendeleza na kuhamisha teknolojia. Kwenye barua weka namba zako zile za kilo, vipimo vya skrubu mpya na iliyolika, umeikereza kutoka chuma gani, imesaga magunia mangapi kabla ya kwisha. Kisha omba vitu viwili vitatu vinavyoeleweka: wapime chuma hiki kina nini na ugumu wake, wapime mafuta yaliyobaki kwenye mashudu, washauri chuma gani na joto gani. Vipimo vya maabara vinalipiwa, uliza bei kabla ya kuacha sampuli, na kazi ya ushauri kamili kupitia BICO ni biashara, kwa karakana ndogo inaweza kuwa nzito.

Ipo njia rahisi zaidi ambayo wenye karakana wengi hawaijui. Wanafunzi wa uhandisi wanatakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo, PT kama wanavyoiita, wiki kama 8 kwa mwaka, kipindi cha likizo ndefu. Likizo hiyo inaangukia humo humo kwenye msimu wako wa kukamua. Omba wanafunzi wawili, mmoja wa mitambo na mmoja wa uhandisi kemikali na uchakataji. Msimamizi wao anakuja kuwakagua, na siku hiyo una mhadhiri amesimama mbele ya mashine yako bila wewe kupanda basi. Wakikolea, tatizo lako linakuwa mradi wa mmoja wao wa mwaka wa nne, miezi kadhaa mtu anahangaika na skrubu yako na maabara anayo mkononi. Wape kazi ya kweli na mtu wa kuwasimamia, ukiwaachia wafagie vyuma utapata ripoti ya kufagia vyuma. Na uwe mvumilivu, mwanafunzi wa mwaka wa pili atakuja hajui kushika leti, utamfundisha wewe, yeye atakufundisha kuandika unachopima.

Kuhusu kuibiwa wazo. Kama mashine yako umeinakili kwa jirani kama tulivyofanya wote, hakuna wazo la kuiba pale, kilicho chako ni wateja na mkono wako. Lakini kama kuna kitu umebuni mwenyewe, mfano namna mpya ya koni, usikionyeshe kwa mtu yeyote wala kukiuza kabla hujaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuuliza kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi, maana kitu kikishajulikana hadharani kinapoteza upya wake. Na kwa chuo andikianeni kabisa matokeo ni ya nani, kabla ya kazi kuanza. Wamezoea, hawatakuona mkorofi.

Singida pia haiko mbali sana na Arusha, TEMDO wapo kwa ajili ya kusanifu mitambo hasa, na ofisi ya SIDO ya mkoa iko hapo hapo mjini kwako. Ningeanza SIDO kwa ajili ya mafundi na mikopo, Mlimani kwa ajili ya kipimo na wanafunzi.

Sasa binti. Usimshindanishe na VETA, ni kazi mbili. VETA itampa mikono, atakereza vizuri na kuchomelea vizuri, na tunawahitaji sana. Mlimani watampa miaka minne ya kujua kwa nini jino limelika na kukokotoa lijalo liwe vipi. DIT iko katikati kidogo, ina diploma na digrii na inajulikana kwa vitendo, kama angekuwa amefaulu kidogo tu ningesema hapo kwa moyo mmoja. Lakini kwa PCM nzuri na nia yake mwenyewe, kumzuia asiende anakotaka ni kumpotezea njia. Ajue tu digrii haimalizi. Akitoka anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, kisha kuna mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, SEAP, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu mwenye muhuri. Ajira serikalini hazitoshi na hili mwambie mapema, wapo wahitimu wazuri tu wanaokaa nyumbani. Yeye ana karakana ya baba, hiyo ni bahati ambayo wenzake wengi darasani hawatakuwa nayo. Msubirie majibu ya udahili akiwa karakanani, ajifunze leti na weldi miezi hii, akifika kule atakuwa mbele ya wengi. Na kama kuna anayekwambia msichana hadumu kwenye grisi, mwambie mitambo haiulizi.

La mwisho na hili usilisubirishe barua. Kama shafti kuu ina ufa, kichwa cha keji kimeanza kufunguka, gia boksi inapata moto mpaka huwezi kuishika, au mota ya fezi tatu inapiga shoti, usijazie weldi umalizie msimu. Simamisha mashine, ondoa watu, ita injinia aliyesajiliwa au fundi umeme mwenye leseni aje aione kwa macho yake. Kwa haya siwezi kukupa ushauri kwa maandishi, na mtu mwingine akikupa kwa simu usimsikilize. Keji ikipasuka ikiwa na shinikizo vyuma vinaruka, na opereta anakuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo.